Blenda, mashine ya kasi, ya polepole au ya mkono: ipi ikukamulie matunda na majani?

Ukiingia kwenye maduka ya vyombo vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ukaulizia mashine ya juisi, utawekewa mezani makatoni yenye picha za matufaha, seleri na karoti. Picha hizo zilipigwa kwa ajili ya majiko ya Ulaya na Mashariki ya Mbali. Sisi juisi yetu ya kila siku ni embe, pasheni, nanasi, parachichi, tikiti na machungwa. Majani yameingia miaka ya karibuni, na mara nyingi ni mchicha, spinachi au sukuma wiki pamoja na tango na tangawizi. Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wanunuzi. Mashine inayosifiwa kwa karoti yaweza kuwa hovyo kwa embe, na ile inayobana majani hadi yakauke yaweza kukuchosha kabla hujajaza jagi la watu sita wanaosubiri kufuturu.

Basi nianze na kapu la sokoni, mashine zifuate. Ziko nne ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzipata: blenda pamoja na chujio, mashine ya kukamua ya kasi, mashine ya kukamua ya polepole, na vikamulio vya mkono. Nitazipitisha zote kwenye vipimo vilevile.

Vipimo vyenyewe

*Matunda.* Kwa kazi hii yagawe mafungu matatu. Kuna yenye nyama laini: embe, papai, stafeli, pera, ndizi, parachichi. Kuna yenye maji mengi: tikiti, nanasi, chungwa, tango. Halafu kuna vitu vigumu: karoti, bitiruti, tufaha, tangawizi. Ndizi na parachichi ziweke kando kabisa unapofikiria kukamua, kwa sababu hazina maji ya kutenganishwa na nyama. Ukizitia kwenye mashine ya kukamua, utapata uji kidogo upande mmoja na uji mwingi upande wa makapi.

*Majani.* Jani lina maji, ila yamefungiwa ndani ya nyuzi. Kulikata hakutoshi, linataka kupondwa na kubanwa. Kipimo hiki ndicho kinachotenganisha mashine hizi kuliko kingine chochote.

*Muda na kuosha.* Muuzaji atakuonyesha juisi ikitoka kwa nusu dakika. Hatakuonyesha sinki baada ya hapo. Hesabu tangu kumenya na kukatakata hadi mashine imekauka kwenye kabati.

*Maji.* Yako ya aina mbili: ya kuongeza ndani ya juisi, ambayo lazima yawe salama, na ya kuoshea mashine. Mtaa wenye mgao wa maji mara mbili kwa wiki hauna haja ya mashine yenye vipande saba vya kusugua.

*Umeme na kelele.* Hapa watu hubishana bure. Mashine ya kasi ya wati 800 ikizunguka dakika 5 inakula takriban yuniti 0.07. Ya polepole ya wati 200 ikizunguka dakika 20 inakula kiasi kilekile. Yuniti moja ya LUKU au ya tokeni za stima inakukamulia juisi mara 15 hivi. Wati zina maana kwa mwenye inveta ndogo ya sola au jenereta: inveta ya wati 500 haitabeba mashine ya wati 800, lakini mashine ya wati 200 itaibeba.

Volti ndiyo habari kubwa zaidi. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Kenya 240, na mashine inayoletwa kutoka Dubai au Muscat inafanya kazi bila shida, hata plagi ni ileile ya miguu mitatu ya bapa. Ndugu akikutumia mashine kutoka Marekani au Kanada, soma kibandiko cha chini kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, ukiichomeka ukutani mota itaungua hapohapo. Itahitaji transfoma, na transfoma ya kubeba mashine kubwa ni zito na si rahisi kwa bei.

*Bei na spea.* Bei zinapanda na kushuka kwa msimu na duka. Mpangilio wake haubadiliki sana: vikamulio vya mkono chini, kisha blenda ya kawaida, kisha mashine ya kasi, na ya polepole juu kwa mbali. Kuhusu spea, jiulize swali moja tu: kipande kikivunjika mwaka kesho, nitakipata wapi?

Kabla hatujaendelea: ukwaju, ubuyu na rozela havihitaji mashine yoyote kati ya hizi. Vinarowekwa au kuchemshwa, vinapekechwa na kuchujwa. Na muwa usiuingize kwenye mashine ya nyumbani hata ukiumenya na kuukata vipande. Ile mashine ya barabarani ina magurudumu ya chuma kwa sababu maalumu.

Blenda na chujio

Visu vilivyo chini ya jagi vinasaga kila kitu kwa pamoja. Juisi na nyuzi vinabaki humohumo hadi uchuje mwenyewe. Blenda nyingi za nyumbani zina wati 300 hadi 600 na jagi la lita moja na nusu.

*Matunda.* Kwa embe, papai, stafeli na parachichi haina mpinzani. Embe dodo mbili kubwa, glasi mbili za maji, kipande cha tangawizi, dakika moja, na jagi limejaa. Nanasi na tikiti pia inazimudu, ingawa juisi itakuwa na povu juu na itataka kuchujwa. Karoti na bitiruti ziparuze kwanza au uzikate vipande vidogo sana, la sivyo visu vitazirusharusha tu.

Pasheni ina adabu yake. Kwangua nyama na mbegu ndani ya jagi, ongeza maji, kisha bonyeza kitufe kwa mshtuko: washa, zima, washa, zima, mara tatu au nne. Lengo ni kuzibandua mbegu kutoka kwenye ute wake, si kuzisaga. Ukiiacha izunguke dakika nzima, mbegu zinavunjika, chujio linapitisha chembechembe nyeusi na juisi inapata uchungu kwa mbali. Chuja, rudisha makapi na maji kidogo, bonyeza tena mara mbili, chuja tena. Hakuna mashine ya bei kubwa inayokuzidi hapo.

*Majani.* Inawezekana, kwa jasho. Fungu la mchicha lililochambuliwa linataka glasi nzima ya maji ili visu vilishike. Saga mpaka usione kipande cha jani, kisha chuja kwa kitambaa safi na ukamue kwa mikono. Chujio la chai litaziba baada ya vijiko viwili. Wenye kifumbu cha kuchujia nazi wanacho tayari chombo kinachofaa kuliko vingi vya dukani. Juisi inayotoka ni nyepesi kwa sababu ya yale maji, ina povu, na harufu ya jani iko wazi. Nanasi na ndimu husaidia. Usipochuja, unakunywa na nyuzi zake, na kwa wengine hilo ndilo wanalolitaka.

*Muda na kuosha.* Hapa inawashinda wenzake wote. Mimina maji hadi nusu, tone la sabuni, washa sekunde 20, suuza. Sehemu inayosahaulika ni ule mpira ulio chini ya visu. Fungua kitako cha jagi mara moja kwa wiki uutoe; embe lililojificha pale huchacha na kuipa kila juisi harufu ambayo watu huilaumu kwenye tunda.

*Maji.* Ndiyo mashine pekee kati ya hizi inayolazimisha kuongeza maji. Yawe yaliyochemshwa au yaliyotibiwa, na barafu vilevile. Juisi safi ya nanasi iliyosagwa na maji ya bomba yasiyo salama inaweza kukuletea kuhara au hata kipindupindu, kwa kuwa haipiti tena motoni.

*Umeme na kelele.* Ina kelele, lakini ya muda mfupi. Mota za blenda ndogo hazikuundwa kuzunguka mfululizo. Kijitabu chake huandika ni dakika ngapi. Ukisikia harufu ya kuungua, zima na uiache ipoe, usiipe tikiti lingine.

*Bei na spea.* Jagi limepasuka, visu vimekuwa butu, kile kimpira chenye meno kinachoshikanisha jagi na mota kimelika: vyote hivyo vinauzwa vibandani na fundi anavibadilisha ukiwa umesimama. Hii ni faida ambayo haiandikwi kwenye katoni.

*Inamfaa nani.* Familia yenye watoto, wapenzi wa juisi nzito, anayetaka chombo kimoja cha juisi, nyanya, tangawizi na kitunguu saumu. Haimfai anayetaka glasi ya majani matupu kila asubuhi bila kukamua kitambaa.

Mashine ya kasi

Ndani yake kuna sahani yenye meno katikati ya wavu wa chuma unaozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Nyingi ziko kati ya 6,000 na 14,000. Meno yanakwangua tunda, mzunguko unarusha maji kupitia wavu, makapi yanarukia kwenye ndoo ya nyuma. Utaitambua dukani kwa mdomo wake mpana na wati nyingi, kuanzia 400 hadi 1,000 na zaidi.

*Matunda.* Karoti, bitiruti, tufaha, nanasi, tango na tikiti: hizi ndizo zake. Karoti unaitia nzima. Nanasi lililomenywa na kukatwa vipande vinne linapotea ndani ya sekunde, na lita ya kwanza iko tayari kabla hujamaliza kumenya la pili. Chungwa limenye ganda la nje, kwa kuwa mafuta yake ni machungu, lakini ngozi nyeupe ya ndani haina neno.

Embe ni ugomvi. Nyama yake inapakaa wavu, matundu yanaziba, maji yanaacha kutoka na mashine inaanza kutetemeka kwa sababu uzito umelalia upande mmoja. Zima, fungua, kwangua, anza tena. Papai na pera vivyo hivyo.

*Majani.* Huu ni udhaifu wake, na mtu asikudanganye. Jani ni jepesi. Linapita kwenye meno likiwa limekatika tu, linarushwa kwenye makapi na maji yake ndani. Kuna ujanja unaopunguza hasara: sokota majani yawe donge lililobana, yaweke kati ya vipande viwili vya nanasi au tango, sukuma taratibu kwa kasi ndogo. Ukitaka kujua umepoteza kiasi gani, chota makapi kwenye ndoo na uyafinye kwa ngumi. Maji ya kijani yakichuruzika vidoleni, hiyo ni pesa ya mchicha inayoenda kwa kuku.

*Muda na kuosha.* Kukamua ni haraka, kuosha siyo. Ule wavu unataka brashi na maji yanayotiririka, papo hapo. Ukiuacha hadi jioni nyuzi zinakauka kwenye matundu na itabidi uuloweke. Usiusugue kwa steelwuli, na vidole uviweke mbali na yale meno. Vipande ni vitano hivi: mfuniko, wavu, bakuli, ndoo ya makapi, jagi.

*Maji.* Haihitaji maji ndani. Ya kuoshea inahitaji ya kutosha.

*Umeme na kelele.* Itamwamsha mtoto aliyelala chumba cha pili. Kwa nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba, saa kumi na moja alfajiri si saa yake.

*Bei na spea.* Bei ya kati. Mota nyingi zina brashi za kaboni ambazo fundi mzuri anazibadilisha. Wavu ni habari nyingine: lazima uwe wa modeli ileile. Na wavu uliopasuka au kupinda usiuwashe tena hata kwa mara moja. Chuma kinachozunguka kwa kasi ile hakina mzaha.

Juisi yake inywewe mapema. Imechanganyika na hewa nyingi, hivyo povu linapanda juu, maji yanashuka chini na rangi inabadilika haraka. Kuna wanaosema kasi hiyo inaichoma juisi na kuua vitamini zote. Juisi inakaa mle sekunde chache tu na haipati joto la kupikwa. Kinachoiharakisha kuharibika zaidi ni hewa.

*Inamfaa nani.* Nyumba yenye watu wengi wanaopenda nanasi, karoti na tikiti, na mtu ambaye asubuhi ana dakika kumi tu. Pia mwenye wageni wa mara kwa mara. Anayekunywa majani mara moja kwa wiki ataivumilia. Anayekunywa kila siku ataichukia.

Mashine ya polepole

Moyo wake ni parafujo nene ya plastiki ngumu inayozunguka mara 40 hadi 100 hivi kwa dakika, ikisukuma chakula kwenye wavu na kukibana hadi maji yatoke. Wati zake ni chache, mara nyingi 150 hadi 250. Ukiona katoni lina herufi RPM (mizunguko kwa dakika) na namba ya tarakimu mbili, ndiyo hii. Hurom na Kuvings za Korea Kusini ni majina yanayojulikana katika aina hii, na zipo nyingi za Kichina za bei nafuu zaidi.

Zinakuja kwa maumbo mawili. Ya kusimama inakula nafasi ndogo mezani, inajivutia chakula yenyewe na inayamudu matunda laini vizuri zaidi. Ya kulala ina parafujo iliyolazwa. Ni ya taratibu kuliko zote, lakini kwa majani na nyuzi ndefu ndiyo yenye subira.

*Majani.* Hapa ndipo pesa yake inapoonekana. Mchicha unaingia ukiwa umeoshwa na kuchuruzishwa, unatoka upande mmoja kama uzi wa kijani mzito na upande wa pili kama makapi makavu yanayomomonyoka mkononi. Fungu lililokutolea theluthi ya glasi kwenye mashine ya kasi hapa linatoa zaidi, bila tone la maji kuongezwa. Mambo mawili ya kuzingatia. Mashina ya sukuma wiki na seleri yakate vipande vya sentimita tatu, kwani nyuzi ndefu zinajifunga kwenye parafujo na kuisimamisha. Pili, usiingize majani matupu mfululizo. Changanya jani, kipande cha karoti, jani, kipande cha tango. Kitu kigumu kinasukuma laini.

*Matunda.* Nanasi na machungwa hutoka vizuri, povu dogo, rangi ya kuvutia. Karoti zinakatwa kama vidole, na hapo unaanza kuhesabu dakika. Embe inatoa rojo nzito badala ya juisi, na ukiisukuma nyingi kwa mpigo inaziba. Wenye mashine hizi huisindikiza na nanasi au chungwa. Pasheni mwachie blenda. Mashine ikikwama, kitufe cha kurudisha nyuma kipo kwa kazi hiyo. Usitie mwiko wala kijiko.

*Muda na kuosha.* Lita moja inaweza kukuchukua robo saa pamoja na kukata. Vipande ni vingi: parafujo, wavu, bakuli, kipangusio kinachozunguka ndani, chombo cha makapi. Ni rahisi kuosha kuliko wavu wa mashine ya kasi kwa sababu hauna meno makali, lakini kuna sehemu ndogo ya mpira kwenye mdomo wa kutolea makapi ambayo lazima uifungue kila mara. Ukimaliza juisi moja kabla ya nyingine, pitisha glasi ya maji safi ndani huku ikizunguka. Inapunguza kazi ya baadaye.

*Maji.* Ndani hayahitajiki. Ya kuoshea, wastani.

*Umeme na kelele.* Inanguruma kwa chini. Unaweza kuongea na mtu wa pembeni bila kupaza sauti. Inveta ya wastani inaibeba.

*Bei na spea.* Nzuri yake huuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya blenda. Na hapa nina wasiwasi wa kweli: parafujo au wavu ukipasuka, fundi wa mtaani hana cha kukufanyia. Uliza kama duka linauza wavu peke yake, na uulize waranti inagusa nini. Mara nyingi waranti ndefu iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya mota, wakati kinachovunjika mapema ni plastiki. Mbegu ya embe au kokwa la zambarau lililosahauliwa ndani linatosha.

Juisi yake hukaa zaidi kabla ya kujitenga, ikiwa kwenye chupa iliyojaa hadi shingoni na ikiwa ndani ya friji. Hata hivyo ni juisi mbichi. Mimi nisingeipitisha siku moja, haidhuru katoni inaahidi siku tatu.

*Inamfaa nani.* Anayekunywa majani kila siku au karibu kila siku, anayeishi peke yake au wawili, mwenye subira, na mwenye njia ya kupata spea. Haimfai mama anayetengenezea watoto watano juisi ya embe.

Vikamulio vya mkono

Hivi viko vya aina mbili na sitakaa navyo sana. Kile cha machungwa, cha plastiki au cha chuma chenye mpini wa kushusha, kinafanya kazi moja na kinaifanya vizuri: chungwa, chenza, ndimu, balungi. Msimu wa machungwa, yanaposhuka kutoka Muheza, Tanga, kwa magunia, mtu mwenye kikamulio cha mpini hamwonei wivu mwenye mashine. Kinaoshwa kwa kusuuzwa tu, hakina kelele, hakijui umeme umekatika, na hakuna spea ya kutafuta.

Cha pili ni cha kusokota, chenye parafujo ndani na mpini wa kuzungusha, kinachobanwa au kunyonya meza. Kwa majani laini kama mchicha na spinachi kinafanya kazi ileile ya mashine ya polepole, kwa nguvu za mkono wako. Kwa karoti ni adhabu. Glasi moja inapatikana, jagi, sahau. Kinamfaa aliye mbali na umeme, mwanafunzi wa bweni, au anayetaka kujaribu juisi ya majani mwezi mmoja aone kama ataizoea kabla ya kuingia kwenye mashine ya bei kubwa. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ni wazo zuri kuliko linavyopewa heshima.

Kuhusu majani yenyewe

Mashine yoyote utakayochukua, haya hayabadiliki. Kisamvu kibichi hakikamuliwi. Majani ya muhogo yana kemikali zinazotoa sianidi, na kupondwa kisha kuchemshwa kwa muda mrefu ndiko kunakoyafanya chakula. Mchicha na spinachi vina oksaleti nyingi. Aliyewahi kupata mawe ya figo azungumze na daktari kabla ya kuzoea glasi ya kila siku. Majani ya kijani yana vitamini K kwa wingi, na anayetumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda asibadilishe kiasi cha majani anachokula ghafla bila kumwambia anayemtibu.

Kwa matunda, ukichuja nyuzi unabaki na sukari iliyo tayari kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi, hata ya tunda halisi, katika kundi moja na ile ya kuongezwa. Mwenye kisukari asome hilo mara mbili. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hahitaji juisi kabisa.

Osha majani kwa maji mengi, jani kwa jani. Mchicha unaomwagiliwa pembeni mwa mifereji ya jiji ukipikwa, vijidudu vingi hufa. Ukikamuliwa mbichi, uchafu wote unaingia kwenye glasi.

Kwa hali yako

Unakunywa zaidi embe, pasheni, parachichi na papai, na majani mara chache: chukua blenda nzuri, na pesa inayobaki nunua chujio la nyuzi laini na jagi la akiba. Watu wengi waliojiandaa kununua mashine ya kukamua wanaangukia hapa.

Unapenda nanasi, karoti, bitiruti na tikiti, nyumba ina watu wengi, na maji ya bomba hayakatiki: mashine ya kasi. Mwezi wa Ramadhani itakulipa. Kama bajeti inaruhusu, iweke pamoja na blenda ndogo ya bei nafuu kwa ajili ya embe.

Unakunywa majani kila asubuhi, na umeshajaribu muda wa kutosha kujua hutaacha: mashine ya polepole. Majani zaidi kuliko matunda, ya kulala. Nusu kwa nusu, ya kusimama. Dukani mwambie muuzaji akutolee wavu na parafujo uvishike mkononi, na akuandikie kwenye risiti jina la modeli kamili, maana ndilo utakalolitafutia spea.

Mnaishi chumba kimoja na mtoto mchanga, au majirani wako ukutani: ya polepole au ya mkono. Blenda inaweza kutumika saa za mchana.

Umeme unakatika kila jioni: kikamulio cha mkono kwa machungwa na majani, na blenda kwa saa umeme unapokuwepo. Mwenye sola apime wati za inveta yake kabla ya kitu kingine.

Maji ni ya kununua kwa ndoo: blenda kwanza, kwa kuwa inaoshwa kwa maji kidogo kuliko zote, na kikamulio cha mpini kwa machungwa.

Unataka kuuza juisi, hata glasi ishirini kwa siku: hakuna hata moja kati ya hizi. Mashine za nyumbani zimeundwa kwa dakika chache na mapumziko, na waranti nyingi hufutika zikitumika kibiashara. Ulizia za biashara, na uende na fundi.

Na kama ni zawadi kwa mama kijijini ambaye ana mwembe uani na bado anakuna nazi kwa mbuzi, muulize kwanza angependa kusaga nini. Huenda akataja nazi na karanga kabla ya juisi, na hapo blenda yenye kikombe cha kusagia vikavu itamfaa kuliko mashine yoyote ya kukamua.